Daftari Sandukuni: Nani Ameiandika Nachingwea na Ruangwa?

Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi simulizi muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba bara ya Lindi haina maandishi. Pwani wana tenzi na habari za miji yao, alisema, lakini ukishapanda kwenda Ruangwa na Nachingwea unaingia katika eneo la masimulizi matupu. Wengi tulitikisa vichwa kukubali. Mimi mwenyewe, mtoto wa Ruangwa, nilikubali. Nimejuta tangu siku hiyo, na makala haya nayaandika kama njia ya kulipa deni.

Ninakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, si kweli kwamba hakuna maandishi. Yapo, tena mengi, ila yametawanyika, na sehemu kubwa iliandikwa na watu waliotutazama kutoka mbali au waliokuwa wakipita njia. Pili, yapo pia maandishi ya wenyeji wenyewe, lakini sisi tunaojiita wasomi wa Kiswahili hatuwezi kuyasoma. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Nitalifikia baada ya kulipita la kwanza.

Vita vilivyotazamwa kutoka mjini

Tuanze na kazi ambayo kila mwanafunzi wa fasihi angepaswa kuwa nayo mkononi: Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi. Kazi hii iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani A. Lorenz aliichapisha mwaka 1933, na mwaka 1957 W. H. Whiteley akaitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ikiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hebu tujiulize: ni wangapi kati yetu wameusoma? Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, tumeijibia mitihani mpaka tumeikariri. Lakini mtunzi aliyekuwa hai vita vilipopiganwa, na aliyeishi katika mji ambao vumbi la vita hivyo lilifika, hatumjui hata kwa jina. Hii ni ajabu, na si ajabu ya kuchekesha.

Kifani utenzi huu hauna utata: beti za mishororo minne, mizani nane katika kila mshororo, na kina cha mwisho kinachofunga beti zote pamoja. Utata uko kwenye mtazamo. Msimulizi ana makazi, na makazi yake ni mji wa Lindi. Mwungwana wa pwani wa zama zile alijitofautisha na mtu wa bara kwa dini, kwa mavazi na kwa kalamu, na utenzi umetungwa ndani ya ustaarabu huo. Vita vinapopiganwa bara, habari inasafiri hadi mjini ndipo inapata vina. Kwa hiyo Mmwera wa mwaka 1905 yumo ndani ya utenzi, lakini amefika humo akiwa habari iliyosimuliwa na wengine.

Sasa tuuweke utenzi huo kando ya maandishi mengine kuhusu vita hivyo hivyo. Mwishoni mwa Agosti 1905 misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Baada ya vita, mwaka 1906, misheni ya Ndanda ikaanzishwa. Watawa hawa walikuwa watu wa kuandika. Walikuwa na kumbukumbu za nyumba zao, barua kwenda Ujerumani, na jarida lao la kule St. Ottilien. Katika historia za misheni zilizotokana na maandishi hayo, sista ana jina, ana nchi aliyotoka na ana siku ya kufa. Waliokuja na moto mara nyingi ni kundi tu: "waasi".

Tunao basi waandishi wa aina mbili ambao wasingekubaliana katika jambo lolote la dini, Mwislamu wa mjini na mmisionari wa Kikatoliki. Lakini kwa jambo moja wanafanana: wote wawili wanamtazama mtu wa bonde la Lukuledi na Mbwemkuru kutoka nje. Mhakiki asiyeliona hilo atachukua maneno yao kama ushahidi mtupu, na hapo atakuwa ameacha kazi yake.

Wageni wenye kalamu na fonografu

Mwaka 1906, moshi wa vita ukiwa bado haujatoka angani, alikuja Mjerumani mwingine, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alikusudia kwenda Irangi, lakini hali ya vita ikamgeuza, akashukia Lindi. Alipita Masasi, Chingulungulu na Newala, kwa majirani zetu Wayao, Wamakua na Wamakonde. Alikuwa na fonografu, akanasa nyimbo kwenye mitungi ya nta. Pia aliwapa watu penseli na karatasi wachore wanachotaka, na baadhi ya michoro hiyo imo katika kitabu chake Negerleben in Ostafrika cha mwaka 1908. Vifaa alivyokusanya vilikwenda Leipzig, na nta iliyonasa sauti ikahifadhiwa Berlin. Ninyi mnaosema fasihi simulizi haihifadhiki, zingatieni: sauti za kusini zimehifadhika kwa zaidi ya miaka mia moja, ila kwa kuzisikiliza unahitaji ruhusa ya safari.

Baadaye wakaja Waingereza na Vitabu vya Wilaya. Hivi vilikuwa majalada makubwa ambamo bwana shauri aliandika habari za wilaya yake: mvua, barabara, mazao, mila, na historia za makabila. Nakala zake zipo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na picha zake ndogo zipo London. Watafiti wengi wanavitegemea. Mimi nawasihi wasome kama wanavyosoma riwaya, yaani waulize nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini.

Mfano mmoja utatosha. Gavana Donald Cameron alipoingia mwaka 1925 alianza kutawala kwa kupitia watawala wenyeji. Ilimpasa kila bwana shauri atafute "mtawala wa jadi". Haya basi, Wamwera hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wakubwa wa koo, kila mmoja na watu wake. Serikali ilipouliza nani ni mkubwa, kila ukoo ulikuwa na sababu ya kutoa shajara ndefu iwezekanavyo: mzee wetu alitoka mahali fulani, alifika kwanza, wengine waliomba ardhi kwake. Mwingereza akaandika. Leo tunazisoma shajara hizo tukidhani ni historia iliyotulia, kumbe ni hoja za watu waliokuwa wakigombea cheo na mshahara. Sisemi ni uongo. Nasema zina hadhira na zina dhamira, kama kazi nyingine yoyote ya fasihi.

Karanga na kambi

Nachingwea imewahi kujulikana duniani mara mbili, na mara zote mbili karatasi ziliandikwa kwa wingi.

Mara ya kwanza ni mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Maeneo yake matatu yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kung'oa misitu, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kuja bara. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 35. Bunge la Uingereza lilijadili, magazeti yakakejeli, na Alan Wood, aliyewahi kufanya kazi katika mradi huo, akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1950. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika bahari hiyo ya karatasi, mfyekaji wa Ruponda au Naipanga ni tarakimu katika safu ya vibarua.

Mara ya pili ni kambi ya FRELIMO, kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Nachingwea ndipo wapiganaji wa Msumbiji walipopewa mafunzo chini ya Samora Machel hadi nchi yao ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Hawa nao walikuwa watu wa maandishi: ripoti, masomo ya siasa, mashairi ya mapambano, takribani yote kwa Kireno. Ni haki yao, maana ni historia yao. Lakini kijana wa Nachingwea anayetaka kujua nyanya yake alimuuzia nani mihogo mwaka 1970, itambidi ajifunze Kireno kwanza, na hata akijifunza huenda asimkute.

Katika miaka hiyo hiyo watu wetu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mtu aliacha miembe yake, makaburi ya wazee wake na mahali alipotahiriwa. Mahame yamebaki porini. Mzee akipita huko anaweza kukuonyesha: hapa palikuwa kwa fulani, pale palikuwa na msikiti. Miembe ile ni maandishi kwake. Kwetu sisi ni miembe tu.

Wanafunzi wa mwaka 1968

Si kwamba hapa Mlimani hakujafanyika kitu. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo hiki iliwatuma wanafunzi kwenda makwao kukusanya kumbukumbu za vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee waliovishuhudia au waliosimuliwa na wazazi wao. G. C. K. Gwassa na John Iliffe ni miongoni mwa walioongoza kazi ya namna hiyo. Ripoti zilikusanywa mwaka 1969 na zinasomeka hapa hapa maktabani, sehemu ya Afrika Mashariki. Walikuwa vijana wa umri wetu, bila simu za kunasa sauti, wakisafiri kwa mabasi ya wakati ule.

Nawavulia kofia. Hata hivyo nina kilio kimoja. Wazee walisema kwa Kiswahili, Kimwera, Kingindo. Ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza. Mwanahistoria huenda hapungukiwi sana. Mwanafasihi anapungukiwa na karibu kila kitu: methali aliyoitumia mzee, mahali aliponyamaza, neno alilolikwepa. Tumepata walichosema, tumekosa walivyosema.

Sanduku la bati

Sasa nifike kwenye deni langu. Likizo iliyopita nilimsimulia bibi mjadala wetu wa semina. Akacheka. Akaniambia nikavute sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani, chini ya kanga zake za zamani, mlikuwa na daftari la baba yake. Kwa desturi ya kwetu mali ya marehemu hufuata upande wa mama yake. Wapwa walichukua shamba na mikorosho kama ilivyo haki yao. Karatasi hakuna aliyezidai. Binti yake akazihifadhi.

"Chukua usome, mume wangu," bibi akasema kwa utani wake wa siku zote. "Si ndiyo kazi uliyopelekwa shule?"

Nikafungua. Mchwa walikuwa wamekula nusu. Zimebaki kurasa kama arobaini. Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono mzuri uliotulia. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa fasihi ya Kiswahili, niliyesoma nadharia za Ulaya nzima, nikashindwa kusoma Kiswahili cha baba yake bibi yangu. Bibi aliona uso wangu, akaniangalia bila kusema neno. Afadhali angesema.

Wenye shaka watauliza mtu wa Ruangwa alizipata wapi herufi hizo. Jibu si gumu. Machemba, mkuu wa Wayao katika nyanda za Makonde, alimjibu Hermann von Wissmann kwa barua ya Kiswahili mwaka 1890 akikataa kwenda pwani kumtii. Barua hiyo wengi wetu tuliikuta kwanza katika tafsiri ya Kiingereza, aibu nyingine hiyo. Halafu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, Uislamu ulienea bara ya kusini, na mwanahistoria Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha kwamba waliouneza zaidi walikuwa wenyeji wenyewe, walimu wa vijijini na watu wenye safari zao. Mahali penye mwalimu pana chuo, na mahali penye chuo pana wino. Kwa nini basi tushangae kukuta daftari?

Nilimwendea mwalimu wa madrasa. Tulikaa jioni tatu. Hata yeye alihangaika, kwa sababu maandishi ya namna hii hayana herufi za kutosha kwa sauti zetu: herufi moja hubeba b, p na hata mb, nyingine hubeba g, ng na ng'. Penye neno la Kimwera tulilazimika kumwita bibi atusaidie kukisia. Watu watatu, mmoja anajua herufi, mmoja anajua lugha, mmoja anajua vitabu. Hakuna aliyeweza kusoma peke yake.

Na humo mlikuwa na nini? Hamkuwa na utenzi. Ndugu msomaji aliyetarajia shairi lililopotea anisamehe. Mlikuwa na orodha. Vijana waliotiwa jando, mwaka baada ya mwaka. Pishi za mtama zilizokopwa na zilizorudishwa. Mahari. Dua za mvua. Waliofariki, na nani alisimamia maziko. Miaka haina tarakimu. Ina matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa matrekta, mwaka reli ilipong'olewa. Na katika kurasa sita, majina ya watu aliokwenda nao kufyeka msitu kwenye karanga, siku walizofanya kazi, na walichodai. Mbele ya jina moja ameandika kwamba aliangukiwa na mti, akarudishwa kwao. Majina hayo sitayataja hapa, kwa kuwa watoto wao wapo na sijawaomba ruhusa.

Naomba tuelewane juu ya uzito wa kurasa hizo sita. Mradi ule umeandikiwa vitabu, ripoti na hotuba. Katika zote, waliofyeka ni idadi. Katika daftari la mkulima mmoja wana majina, wana madeni, na mmoja ana mti uliomwangukia. Nikilinganisha, naona daftari hili si nyongeza ya historia iliyokwisha kuandikwa. Ndilo linalotuonyesha historia hiyo iliacha nini.

Tunaweza kujifunza kwa wengine

Mambo haya hayakutupata sisi peke yetu. Wales ni taifa dogo lililotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, na lugha yake ilidharauliwa shuleni. Katika karne ya 17 Robert Vaughan, bwana mmoja wa Hengwrt, alikusanya na kunakili miswada ya Kiwelisi nyumbani kwake. Mkusanyo wake ndio uliokuja kuwa hazina ya Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoanzishwa Aberystwyth mwaka 1907. Lakini Wales hiyo hiyo ilimtoa Iolo Morganwg, mshairi aliyeipenda miswada ya kale kiasi cha kubuni mingine na kuwapa watu waamini kuwa ni ya kale. Wahakiki walichukua muda mrefu kumgundua. Funzo ni kwamba upendo bila uhakiki huharibu. Tukumbuke na zile shajara za Vitabu vya Wilaya.

Mwaka 1907 huo huo vita vya Maji Maji vilikuwa vinazimika, na Carl Velten akachapisha Berlin mkusanyo wake wa nathari na mashairi ya Waswahili, zikiwamo habari za Lindi na Sudi. Wenzetu walikuwa wanajenga nyumba ya kutunzia maandishi yao kwao. Ya kwetu yalikuwa yanachapwa ng'ambo.

Tumepata Nyaraka za Taifa tangu miaka ya 1960, na hapa chuoni ipo miswada iliyokusanywa na J. W. T. Allen, aliyeiandalia katalogi iliyotoka mwaka 1970. Kazi hiyo ni ya kushukuru. Ila wakusanyaji wa wakati ule walifuata zaidi pwani na tenzi, na daftari la madeni ya mtama lisingekuwa kitu cha kwanza kutafutwa.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu, na sidhani kama yanahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ajifunze kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, japo kwa muhula mmoja. Si suala la dini. Ni suala la kusoma na kuandika. Pili, tunapokwenda likizo tuulize habari za masanduku: madaftari ya misikiti, vitabu vya ubatizo, barua za koo, mihtasari ya vijiji. Tupige picha kwa simu zetu, tuache karatasi kwa wenyewe. Tusirudie mchezo wa kubeba vitu tukaviita tumeviokoa. Tatu, tuyasome kwa ukali ule ule tunaousomea riwaya. Mkulima naye ana mtazamo. Babu yule aliandika waliomdai na aliowadai. Hakuandika wanawake waliopika huko kwenye karanga, na bibi alililalamikia hilo tulipofika ukurasa wa mwisho. "Mama yangu alikwenda," alisema. "Mbona hayumo?"

Nimeandika jina la mama yake katika daftari langu, kwa herufi za Kirumi, pamoja na alichonisimulia jioni ile. Daftari la babu limerudi sandukuni, limefungwa kwa nailoni na majani ya mwarobaini juu yake. Kwa wale tuliotikisa vichwa kwenye semina: likizo ijayo ni ya majuma sita. Mchwa hawana likizo.